Hisa za marehemu baba zilivyohamia kwetu

Baba amefariki sisi hatujui kabisa kama ana hisa, tumekuja kugundua siku tunapanga nguo zake, ndani ya mkoba kuna bahasha ya kaki na karatasi ya hisa 2,000 za benki ya CRDB, alinunua 2009 zilipokuwa zinaingia soko la hisa, shilingi 150 kila moja, yaani laki tatu zote, na mama hakuambiwa!

Kuna ndugu akasema kaeni kimya, gawio, yaani faida ya hisa, likiingia mnatoa kwa kadi yake. Nikakataa, hiyo ni kesi. Kikao cha familia kikanichagua mimi kuwa msimamizi wa mirathi, nikabeba muhtasari na cheti cha kifo cha RITA mpaka mahakama ya mwanzo hapa Tanga, ikatoka fomu namba 4 ya kunithibitisha msimamizi. Ukishaipata usilale, una miezi 4 tu ya kurudisha namba 5 ya mali na madeni, halafu inafuata namba 6 ya mgao.

Kilichonitesa ni jina. Kwenye hisa baba ni Saidi, kwenye cheti cha kifo Said, herufi moja hiyo! Dalali wa hisa kule Dar akanirudisha nikale kiapo kwa wakili kwamba ni mtu yuleyule, na nilishampigia simu kabla nikamuuliza nije na nini, hakusema, basi nauli ya Tanga Dar nikalipa tena.

Mgao wenyewe, wa Kiislamu, haukutusumbua, maana babu na bibi walishatangulia, mama akapata thumuni yake 250, zikabaki 1,750, kaka zangu wawili 500 kila mmoja na sisi wasichana watatu 250 kila mmoja, haikubaki hata hisa moja ya kugombania. Mimi nilidhani lazima ziuzwe kwanza ndo tugawane hela, kumbe kila mrithi anafunguliwa akaunti yake ya hisa zinahamia humo, atakayetaka kuuza auze zake. Mdogo wetu wa mwisho hana NIDA bado, yake imefunguliwa kwa cheti cha kuzaliwa, mama ndo anaisimamia.

Kaka mkubwa kauza zote fasta, kanunua tairi za bodaboda. Mama hataki hata kusikia. Meseji ya gawio ilipoingia akaniita jikoni, mikono ina unga, "Mwanangu hebu nisomee hapa", nikamsomea, akacheka mwenyewe, "Baba yenu huyu, na soda alikuwa ananikopesha."