Mpini wa kisu uliokuwa ukichomoka: nilivyoutengeneza shambani Muheza

Kisu changu cha shambani kilikuwa kila nikikata kitu kigumu, mpini unabaki mkononi na bapa linabaki kwenye mti. Kwanza nilichonga mpini wa mwembe mbichi. Baada ya wiki ulikauka, ukasinyaa na kupasuka. Nikachomeka vijiti kuziba nafasi, ufa ukazidi.

Safari hii niliokota tawi la mkwaju lililojikaukia lenyewe. Nikatoboa kwa msumari wa moto, tundu jembamba kuliko msuka, yaani ule mkia wa kisu unaoingia ndani ya mpini. Bapa nikalizungushia kitambaa kilicholowa, maana moto ukilifikia, chuma kinalainika na makali hayakai. Nikachoma ncha ya msuka ikawa nyekundu, nikausukuma kidogo tunduni, nikautoa, nikakung'uta masizi yote, nikarudia.

Kilichoniokoa ni hiki: usichome mpaka mwisho. Niliacha kama sentimita 1, msuka ukapoa kabisa, ndipo nikagongea mpini kwa kipande cha gogo mpaka ukazama. Mti usioungua ndio unaouma chuma. Shingoni nikafunga ukanda wa ngozi mbichi ya mbuzi, umelowa. Ulipokauka ulibana kama pete.

Mwezi wa pili huu, hautikisiki.