Siku Mwalimu alipokataa kumla malkia wangu

Mchezo wenyewe haukufika hata hatua ya kumi kabla sijajua kwamba nimeshapoteza. Ilikuwa Jumapili mchana, tumekaa uani nyuma ya duka, ubao wa sataranji uko juu ya kreti mbili za soda. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja mstaafu aliyefundisha hesabu shule ya msingi maisha yake yote, na kwa hiyo sote pale tunamwita Mwalimu. Kete nyeupe zilikuwa zangu.

Nilisogeza askari e4 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo), akajibu e5. Nikatoa farasi f3, naye farasi c6. Askofu wangu akaenda c4, yeye akasogeza askari d6. Nikatoa farasi wa pili c3, na hapo askofu wake mweusi akatoka mbio mpaka g4, akambana farasi wangu wa f3. Nyuma ya farasi huyo, d1, amekaa malkia wangu.

Moyo ulinidunda, maana mtego huo nilikuwa nimeshausoma. Unaitwa kwa jina la Légal, mchezaji wa Paris wa karne ya 18 aliyemfundisha Philidor, bingwa wa sataranji wa zama hizo. Farasi wa f3 anaondoka kana kwamba hajabanwa, anakula askari wa e5 na kumwacha malkia wazi. Mpinzani akimla malkia, askofu wako anakula f7 kwa shaha, yaani anamtishia mfalme, mfalme wake anakimbilia e7 kwa sababu hana pengine pa kwenda, kisha farasi wa pili anatua d5, na hiyo ni mati: mfalme hana pa kukimbilia, mchezo umekwisha. Nikahesabu kichwani: nakula, anakula, shaha, mati. Nikamnyanyua farasi.

Mwalimu aliutazama ubao muda mrefu. Malkia wangu hakumgusa. Alichukua farasi wake wa c6 akamla farasi wangu palepale e5. Sasa farasi huyo anamlinda askofu wa g4, anamtishia askofu wangu wa c4, na malkia wangu bado yuko mdomoni. Nilikuwa nimetoa farasi mzima kwa askari mmoja.

Tulipomaliza, alisema kwa upole, "Kijana wangu, ulinichagulia mwenyewe cha kula."

Nilirudi nayo kauli hiyo kwenye daladala mpaka Mbagala, na usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa na miaka miwili nikijifunza sataranji kwa bidii, nimekariri mianzo na mitego, na bado kila mara napotea mahali palepale: nahesabu vizuri, halafu mpinzani anafanya kitu ambacho hakikuwamo kwenye hesabu yangu.

Jibu nililipata nilipokumbuka nilikotoka. Nimekulia Ngamiani, Tanga, na michezo ya kwanza kunifundisha kufikiri ilikuwa drafti na bao. Drafti tulicheza chini ya mwarobaini, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli, kete zetu ni vizibo vya soda, upande mmoja vimelala chali na mwingine vimelala kifudifudi. Mjomba wangu alikuwa mkali wa drafti mtaani. Alikuwa anaweza kukutolea kete tatu mfululizo, ukazila zote huku unajua unakwenda kuchinjwa, kwa sababu kwenye drafti kula ni lazima. Huna hiari. Bao nalo ni hivyohivyo: ukiwa na mtaji, yaani nafasi ya kula, lazima ule, unatakata (unacheza bila kula) pale tu unapokosa cha kula. Ndiyo maana mcheza drafti mzuri anaona mbali mno. Anamburuta mpinzani kwa kamba ya lazima, hatua baada ya hatua, mpaka kwenye shimo alilolichimba.

Mimi nilihamia sataranji na kamba hiyo mkononi, nisijue kwamba huku haifungi kitu. Kwenye sataranji hakuna anayelazimishwa kula. Kitu kinacholazimisha ni shaha, basi, na hata shaha mara nyingi ina majibu mawili au matatu. Kwa miaka miwili nilikuwa napiga hesabu za drafti juu ya ubao wa sataranji: nikitoa kete, tayari nimeshamwona mpinzani ameila.

Kesho yake nilinunua daftari gumu, na juu ya ukurasa wa kwanza nikaandika kwa kalamu nyekundu: ASIPOKULA?

Utaratibu nilioufuata ulikuwa huu. Kila usiku baada ya chakula napanga fumbo moja kwenye ubao halisi, wala si kwenye simu. Mikono naikalia. Kisha naandika kila kitu kabla sijagusa kete: hatua yangu, na chini yake majibu ya mpinzani. Zamani ningeandika jibu moja, lile ninalolitaka. Sasa nilijilazimisha kuanza na shaha zote alizonazo, kisha kila kete anayoweza kula, kisha kila kitisho anachoweza kunijibu nacho. Hapo tu ndipo ninaporuhusiwa kuendelea na hatua ya pili. Nikimaliza, naandika saa, nafunga daftari, naenda kunywa maji, narudi kulinganisha na jibu.

Kompyuta niliiweka mbali kwa makusudi. Ni chombo kizuri, ila ukiiwasha mapema inakuonyesha mshale wa hatua bora, na macho yakishauona mshale akili inaacha kazi. Unabaki unakubali kwa kichwa kitu ambacho hukukitafuta. Nadhani watu wengi wanaosema wametatua maelfu ya mafumbo kwenye simu wamekisia tu hatua ya kwanza, ikakubali, wakapita. Nilifanya hivyo mwenyewe na haikunisogeza hata kidogo.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Fumbo moja lilikuwa linanichukua nusu saa, na Jumapili nikawa nafungwa kwa saa ya mchezo badala ya ubao. Lakini nilipozipitia kurasa za mwezi ule niliona jambo ambalo sikulitegemea. Karibu makosa yangu yote yalikuwa kwenye jibu la kwanza kabisa la mpinzani. Yalikuwa hapo karibu kabisa, hatua moja tu kutoka mkononi mwangu. Nilikuwa nimejenga ghorofa tano juu ya tofali la kwanza lisilokuwepo.

Baadaye nilisoma habari za Adriaan de Groot, mwanasaikolojia wa Uholanzi aliyekuwa mchezaji mzuri pia. Katika utafiti wake uliotoka mwaka 1946 aliwawekea wachezaji ubao, wakubwa wa dunia na wa kawaida, akawataka wafikiri kwa sauti. Wakubwa hawakuwa wanaona mbali zaidi kwa kiasi ambacho mtu angetarajia. Walichowazidi wenzao ni kujua hatua ipi inafaa kuchunguzwa. Habari hiyo ilinipa nafuu kubwa. Kwa zamu ya kwanza tu nyeupe ana hatua 20, nyeusi naye 20, tayari hali 400 kabla hata mchezo haujaanza kuchanganya. Hakuna kichwa kitakachozipitia zote. Nilichohitaji ni hatua mbili au tatu zisizo na tundu.

Kulikuwa na tatizo la pili, na hili lilinichukua muda zaidi kulikamata: vivuli. Ukishasogeza kete kichwani, macho bado yanaiona pale ilipo ubaoni, na bila kujua unaendelea kuitegemea. Jumapili moja nilipeleka ngome yangu kutoka d1 mpaka d7, nikiwa nimehesabu vizuri kabisa faida nitakayoipata huko. Nilichosahau ni kwamba ngome ileile ndiyo iliyokuwa ikilinda mstari wangu wa kwanza. Ngome ya mpinzani ikashuka, mfalme wangu amejifungia nyuma ya askari wake watatu, mati. Kichwani mwangu ngome ilikuwa d1 na d7 kwa wakati mmoja.

Dawa niliyoipata ni kusema. Kila hatua ninayoihesabu, nanong'ona kilichobadilika: "Ngome imetoka d1. D1 tupu. Mstari wa kwanza hauna mlinzi." Au: "Farasi ametoka f3, njia ya malkia kwenda g4 imefunguka." Ubao ukiwa wa mashindano nasema moyoni, nyumbani nasema kwa sauti, na mke wangu alishazoea. Maneno hayo yanailazimisha akili kuifuta picha ya zamani.

Na kwa sababu nina saa nzima ya foleni asubuhi na nyingine jioni, nikaanza kumtembeza farasi ndani ya daladala nikiwa nimefumba macho. Namweka kona ya a1, nampeleka kona ya h8. Njia fupi kabisa ni hatua sita. Nilianza na b3, c5, e6, f4, g6, h8, na kila mraba nautaja rangi: a1 nyeusi, b3 nyeupe, c5 nyeusi. Farasi hubadilisha rangi kila anaporuka, kwa hiyo nikitaja rangi moja mara mbili mfululizo najua nimepotea, narudi mwanzo. Wiki mbili za kwanza nilikuwa napotea kabla ya kufika Mtoni. Mwezi wa tatu niliweza kuwatembeza farasi wawili kwa zamu, mmoja akienda na mwingine akirudi.

Fumbo lililonifungua macho zaidi ya yote halina farasi wala ngome. Ni la Richard Réti, la mwaka 1921, na lina kete nne tu. Mfalme mweupe yuko h8, askari wake c6. Mfalme mweusi yuko a6, askari wake h5. Zamu ni ya nyeupe, atafute sare.

Nilikaa nalo siku nne. Askari mweusi anahitaji hatua nne tu afike mwisho wa ubao awe malkia, na mfalme wangu akimfukuza moja kwa moja anachelewa. Nikijaribu kwenda kumsaidia askari wangu wa c6, mfalme mweusi anahitaji hatua mbili tu kumla, nachelewa pia. Niliandika hesabu hizo mbili kila moja kwenye ukurasa wake, na zote mbili zinashindwa. Usiku wa nne ndipo nilipoziweka kwenye ukurasa mmoja. Mfalme anashuka mshazari: g7, f6, e5. Kwenye sataranji mshazari hauna urefu zaidi ya mstari ulionyooka, kwa hiyo kila hatua inamkaribisha kwa askari wote wawili kwa pamoja. Wakati anafika e5, askari mweusi yuko h4 na mfalme mweusi yuko b6, tayari kula. Akila c6, mfalme wangu anageukia f4, g3, na askari mweusi amekamatwa. Asipokula, akasukuma h3, mfalme wangu anaingia d6, askari wangu anapata njia, na kila upande unapata malkia wake. Sare.

Akila, asipokula. Nilisimama nikazunguka chumba. Mtu mmoja, miaka zaidi ya mia iliyopita, alikuwa ameyaandika maneno ya daftari langu kwa kete nne.

Mwalimu nilimweleza haya yote, naye akaniongezea zoezi moja. Baada ya kila mchezo wetu, kabla ya kukusanya kete, ananiuliza nilikuwa nimehesabu nini kwenye hatua fulani, na lazima nimtajie njia zote, zile ambazo hazikutokea ubaoni pia. Yeye ananitajia zake. Hapo ndipo nilipojua kwamba mara nyingi hakuwa ameona mbali kuliko mimi. Alikuwa ameona kitu kimoja kilichokuwa karibu, ambacho mimi nilikiruka nikikimbilia mbele.

Mwezi wa nane tangu siku ile ya malkia, tulikaa tena, nyeupe ikiwa kwangu. Askari e4, e5. Farasi f3. Safari hii akasogeza askari d6 kwanza. Askofu wangu c4, askofu wake g4. Farasi wangu wa pili c3, naye akasukuma askari g6.

Nikaona mtego uleule. Mkono ulitaka kwenda. Nikaukalia.

Nilitumia dakika kumi na mbili. Farasi wake wa b8 bado yuko nyumbani, kwa hiyo hana farasi wa kumla wangu pale e5. Akimla malkia: askofu f7 shaha, mfalme e7, farasi d5, mati. Asipokula, askofu wake akarudi e6: tunabadilishana maaskofu, farasi wangu anarudi f3 salama, nimebaki na askari wa ziada. Asipokula malkia, bali askari wa d6 akamla farasi: f3 tupu, njia ya malkia imefunguka, namla askofu wa g4, na nimezidi askari mmoja. Nikazirudia zote tatu kutoka mwanzo, nikitafuta shaha yoyote ya kwake niliyoisahau. Haikuwepo.

Farasi akala e5. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Kisha askari wa d6 akamla farasi wangu, kama nilivyojua kwamba mtu kama yeye asingemgusa malkia. Malkia wangu akaenda g4. Akatikisa kichwa taratibu, akachukua kalamu kuandika hatua yake.

Kutoka hapo ilikuwa kazi ngumu ya askari mmoja, na alinisumbua mpaka jua likazama na mwenye duka akatuwashia taa ya uani. Kwenye hatua ya 51 aliulaza mfalme wake ubaoni. Akanyoosha mgongo, akauzungusha ubao, akaanza kujipangia kete nyeupe.