Nilivyojiandaa kwa kazi ya kuzuia silaha za nyuklia

Nilipowaambia nyumbani nataka kazi ya kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, mjomba aliniuliza, "Mwanangu, kwani sisi tuna bomu?" Hatuna. Urani tunayo, kule Mto Mkuju, Namtumbo. Na urani iliyotengeneza bomu la Hiroshima mwaka 1945, sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa majirani zetu. Jibu hilo ndilo lililonionyesha pa kuanzia.

Nilikuwa nasoma fizikia, kwa hiyo nilianza na hesabu. Urani inayotoka ardhini ina asilimia 0.7 tu ya urani-235, ile aina inayopasuka na kutoa nishati. Vinu vingi vya umeme vinataka asilimia 3 hadi 5, bomu karibu 90. Ukitazama namba hizo utadhani safari ndefu ni ya kutoka 5 kwenda 90. Kokotoa mwenyewe: katika atomi 1,000, 7 ni za urani-235; kufika asilimia 5 unaondoa 860 za aina nyingine, kisha kufika karibu 90 unaondoa 132 tu. Ukishafika 5, sehemu kubwa ya kazi ya kurutubisha, yaani kuongeza kiwango cha urani-235, imekwisha. Ndiyo maana wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki huhesabu kilo kwa kilo tangu mapema. Kwao, kilo 8 tu za plutoni, metali nyingine ya kutengenezea bomu, ni kiasi cha kuhofia.

Fizikia haikutosha. Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ulioanza kutumika 1970, una vifungu 11 na unasomeka jioni moja. Ugumu uko kwenye makubaliano ya ukaguzi. Niliyasoma na rafiki yangu wa sheria, yeye akinifafanulia vifungu, mimi nikimweleza mitambo. Hapo nikaielewa Iraq: ilikuwa imesaini, lakini baada ya vita vya 1991 ikagundulika ilikuwa na mpango wa siri, kwa kuwa wakaguzi walikuwa wakikagua zaidi yale yaliyotangazwa. Itifaki ya Ziada ya 1997, inayowapa wakaguzi nafasi ya kutafuta hata yasiyotangazwa, ilizaliwa huko.

Somo la Afrika nalo nalithamini sana. Afrika Kusini ilitengeneza mabomu sita, ikayavunja yenyewe. Mkataba wetu wa Pelindaba, unaoifanya Afrika eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulianza kutumika 2009. Mwanafunzi wa Kiafrika asiyeyajua haya anakwenda kwenye usaili mikono mitupu.

Likizo nilifanya mafunzo kwa vitendo kwenye maabara ya mionzi. Nilijiunga pia na kundi la vijana la tume ya mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia, ambayo ina kituo cha kupima chembe za mionzi hewani hapa Dar es Salaam. Kisha nikaomba ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa lile Shirika la Nguvu za Atomiki, ulioanzishwa 2020 kwa wanawake wa uzamili. Barua yangu niliiandika juu ya Mkuju: unga wa urani ungehesabiwaje kutoka mgodini hadi melini. Nikaupata.

Sasa najifunza Kifaransa. Niger imechimba urani miaka mingi, na nyaraka zake nyingi ziko katika lugha hiyo. Wadogo zangu chuoni nawaambia waianze mwaka wa kwanza.