Nilivyoacha kusahau dawa baada ya upasuaji wa moyo

Nilipobadilishiwa vali ya moyo nilirudi Ngamiani, Tanga, kifua kinapona lakini kichwa kizito. Nikifika soko la Mgandini nasahau nilichofuata. Kibaya zaidi, sikumbuki kama nimemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na dozi ikizidi damu huweza kuvuja.

Kengele ya simu nilikuwa naizima, kisha nasahau. Mke wangu akinikumbusha, tunabishana.

Kilichofaa ni kalenda ya ukutani na penseli niliyoifunga kwa uzi kwenye kopo la dawa. Mwanzoni nilitia alama kabla ya kumeza; siku moja nikaitwa mlangoni, nikarudi nikiamini nimekwisha meza. Sasa nameza kwanza, kisha natia alama bilauri ikiwa bado mkononi. Hapo ndipo palipokuwa na siri yote.

Huu sasa ni mwezi wa nne, na naenda sokoni bila karatasi ya kukumbushia.