Kidani cha Geralt: hatimaye kimenyamaza

Kidani kimenyamaza! Kutetemeka kilijua tangu mwanzo. Kazi ilikuwa kukifanya kiache.

Kwenye mchezo wa The Witcher, Geralt ni mwindaji wa mazimwi, na kidani chake cha mbwamwitu hutikisika uchawi au zimwi likiwa karibu. Changu kina swichi ya sumaku na mota ya kutetemesha simu, ile bapa kama kifungo, niliyonunua barabara ya Luthuli, Nairobi. Sumaku nimeificha ndani ya fuvu la zimwi. Ukilisogelea fuvu, kidani kinatetema. Ndivyo nilivyopanga. Kumbe kila nikifunga mgongo wake kinanguruma chenyewe, zimwi liwe mezani au liwe Mombasa. Nikabadilisha waya, nikashuku lehemu, nikapima kila kiungo kwa mita. Mota ikikaa nje, kimya. Ikirudi ndani, kelele. Mwishowe nikaisogezea sindano ya kushonea, ikanasa papo hapo. Mota yenyewe ina sumaku tumboni, na ndiyo iliyokuwa ikiifunga swichi iliyolala kando yake!

Sasa swichi iko puani, imekaa kingamo, na mota nimeibana sikioni. Bahati nzuri mwili ni alumini, maana alumini haizuii sumaku. Mzee aliyenimiminia pale Kamukunji aliugeuza mara mbili akaniuliza, "Kijana, mbwa mwenyewe mbona amekasirika hivi?"

Kuhusu gundi: ile ya moto achaneni nayo. Inabaki laini, inameza mtetemo wote. Epoksi ikishakauka inaupitisha hadi kifuani. Na betri ya saa haiiwezi mota hii. Ikiwaka tu, volti zinaanguka. Nimeweka ya kuchaji, niliyoitoa kwenye spika za masikioni zilizokufa.

Panga mbili za Geralt zilikuwa zifuate, ila zitangoja, kwa sababu ya mgongo wa kidani. Nilitaka kuchora "Geralt wa Rivia", nikakumbuka Rivia si kwao. Katika hadithi za Andrzej Sapkowski, Vesemir, mwalimu wake, aliwaambia vijana wake wajitungie majina ya kuwapa wateja imani. Chaguo la kwanza la Geralt? Geralt Roger Eric du Haute-Bellegarde. Vesemir akalikataa, akaona ni majivuno matupu. Ndipo kijana akatulia na Rivia, hata lafudhi ya huko akajifunza. Miaka mingi baadaye, baada ya vita vya darajani, Malkia Meve wa Rivia alimpa cheo cha ushujaa na Rivia ikawa yake kihalali. Kila mtu anamchora na makovu na sura ya kununa. Mimi nampenda zaidi huyu barobaro aliyetamani jina la kibwanyenye.

Basi ni jina hilo refu ninalochora. Tatizo jipya: herufi zinaishiwa na nafasi kwenye "Haute". Kesho narudi mjini kutafuta ncha nyembamba zaidi ya mashine ya kuchorea.