Siku mamdogo alipomlilia Shylock

Mwaka ule mamdogo alikuwa katoka kubebewa friji na makochi na watu wa mikopo ya kausha damu, basi niliposikia wanafunzi wa chuo hapa Dodoma wanaigiza Mabepari wa Venisi, ile ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri ikatoka 1969, nikamchukua twende nikijua atafurahi kumuona Shylock, yule mkopeshaji Myahudi, anashindwa kesi.

Wale vijana waliileta Venisi huku huku kwetu yaani. Shylock kavaa koti la suti na katambuga, mkataba uko kwenye simu, na mahakama ikiingia akinamama wanapiga muheme, ngoma wamezibana mapajani. Stori yenyewe, mfanyabiashara Antonio kamdhamini rafiki yake mkopo wa dukati 3,000, sarafu za huko, kwa miezi 3, ikishindikana Shylock anamkata ratili ya nyama mwilini. Sasa yule kijana aliyeigiza Shylock akakaa chini akawa ananoa kisu kwenye soli ya katambuga, kwaruu kwaruu, taratibu, mizani ya buchani iko mezani, ukumbi kimya kabisa.

Portia, mwanamke aliyejifanya mwanasheria wa kiume, kaja na joho la wakili akasema huruma hailazimishwi, inashuka toka mbinguni kama mvua, na watu wakaguna kweli maana Dodoma mvua tunaijua tunavyoisubiri. Alafu akamgeuzia kibao, kata nyama ila damu isitoke hata tone. Watu wakashangilia balaa!

Mamdogo hakushangilia. Shylock mali inagawanywa, analazimishwa abadili dini, akavua kile kikofia chake mwenyewe akakiweka juu ya mizani, nikamuona mamdogo anajifuta machozi kwa mtandio. Na kiukweli Antonio alishamtemea mate yule mzee na kumuita mbwa, hakuna popote alipoomba radhi, wote wanataka yeye tu ndo asamehe.

Kwenye bajaji nikamwambia mamdogo, si walikubebea friji wewe?

"Friji langu nalidai na ntaendelea kulidai mwanangu, ila huyu wamemvua mpaka dini yake alafu wanasema wamemhurumia. Huruma gani hiyo?"

Dereva akaingilia anamtetea Portia, wakabishana mpaka Nkuhungu, tumeshuka bado wanabishana. Baadaye mamdogo akaniagiza kitabu, nikakipata kwa wauza mitumba, anasoma ile sehemu ya mahakama tu anairudia, na mpaka leo ukimtajia Portia hakubali kwamba alitenda haki, na mi naona mamdogo yuko sahihi.