Kisu Kwanza, Dawa Baadaye

Dada yangu alipoingizwa chumba cha upasuaji huko Uingereza, saa mbili asubuhi, sisi nduguze tuliamini kwamba tiba yenyewe ni ile dawa ya moto tuliyokuwa tukiisikia kwa wiki kadhaa, na kwamba kisu ni njia tu ya kuifikisha tumboni. Tulikosea.

Ugonjwa wake ni mesotelioma ya tumbo, saratani inayoota kwenye utando mwembamba unaofunika kuta za ndani za tumbo na viungo vyake. Aghalabu mesotelioma hushika utando wa mapafu, na huhusishwa na vumbi la asbesto; ya tumboni ni nadra zaidi, na wako wanaoipata bila kukumbuka kuwa waliwahi kuikaribia asbesto, naye ni mmoja wao. Dalili zilikuwa za kawaida mno: tumbo kujaa maji, kushiba upesi, sketi kubana ilhali uso unakonda.

Daktari bingwa alitueleza kwa subira kubwa. Tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, ikipitishwa mshipani haiufikii vizuri utando huo, ndiyo maana dawa humiminwa tumboni moja kwa moja. Lakini hata hapo hupenya milimita chache tu, kwa hiyo ni lazima kwanza aondoe kila uvimbe anaouona. Kwa dada, hilo lilikuwa na maana ya kubandua utando wenyewe kipande kwa kipande, kisha kutoa pazia la mafuta lililo mbele ya utumbo, wengu na mfuko wa nyongo. Baada ya saa nyingi za kazi hiyo ndipo dawa yenyewe, sisplatini, iliyopashwa hadi nyuzi joto 42 hivi ilipozungushwa tumboni kwa dakika 90, kwa kuwa joto huizidishia nguvu dhidi ya seli zilizosalia, zisizoonekana kwa jicho.

Usiku ule nilimfikiria Stephen Jay Gould, mwanasayansi wa Marekani aliyegunduliwa na ugonjwa huu mwaka 1982, wakati maandiko ya kitabibu yakisema nusu ya wagonjwa hufariki ndani ya miezi minane. Aliishi miaka 20, akafa kwa saratani nyingine. Nilishikilia ile nusu ya pili.

Dada alipozinduka katika chumba cha wagonjwa mahututi, hakuuliza lolote kuhusu dawa. Aliuliza kama daktari ameacha uvimbe wowote. Nilimjibu kwa maneno ya daktari mwenyewe: hakuna unaoonekana.